Mtoto wa Kwenye Sanduku

Karibu na nyumba ninayoishi sasa hapa Kilosa, njia ya kwenda stesheni mpya, kuna seremala anayetumia mbao za paina. Asubuhi akianza kuranda, harufu ya utomvu inapita dirishani mpaka jikoni kwangu. Wanangu wanasema ni harufu ya dawa ya kudekia. Mimi nikiisikia naacha mwiko ndani ya sufuria, kwa sababu kwangu hiyo ni harufu ya veranda ya hospitali kule Mikumi, mvua imekatika, na mtu mmoja mwenye mkono mbovu amesimama kando ya kitanda changu akiwa na fidla begani.

Mliokua zama zangu mnayakumbuka matela ya mkonge. Trekta likipita taratibu, watoto tulikuwa tunadandia nyuma, tunaning'inia, tunapiga kelele. Utamu wenyewe ulikuwa kwenye kushuka: unaruka huku miguu inakimbia tayari, ili ardhi isikushtukize. Siku moja ardhi ilinishtukiza. Nakumbuka nikiwa nimelala kwenye vumbi najiuliza kwa nini wenzangu wote wamenyamaza, na kwa nini mguu wangu unatazama upande ambao mimi siutazami.

Ulikuwa mfupa wa paja. Wakasema nipelekwe Mikumi, kwenye hospitali ya masista, kuna daktari wa mifupa. Mama alikuwa na mdogo wangu Hamisi, mchanga kabisa, hata shingo ilikuwa haijakaza. Kwa hiyo aliyenisindikiza alikuwa Bibi, mama yake mama. Mama alisimama kando ya gari amembeba Hamisi, akaingiza mkono dirishani, akanishika kidevu. "Jumapili nakuja," akasema. "Mwajuma, unanisikia? Jumapili."

Jumapili haikufika na mama. Ilifika na mvua. Ilinyesha kana kwamba imetumwa, na ikaja habari kwamba kivuko kimoja cha njia ya Kilosa kimechukuliwa na maji, magari hayapiti. Simu za mkononi zilikuwa za watu wakubwa wakati huo. Sisi tulipata salamu kwa mdomo wa dereva wa lori, na malori yenyewe yalikuwa yamesimama. Jumapili nyingine ikapita, na nyingine. Bibi alikuwa akiniambia, "Mama yako anakuja, njia tu," lakini alikuwa akisema huku akitazama getini, na mtoto anajua kusoma macho ya mtu mzima kabla hajajua kusoma a-e-i-o-u.

Mguu wangu ulifungwa kamba iliyopita kwenye kigurudumu mwisho wa kitanda, na huko mwisho wa kamba wakaning'iniza mfuko wa mchanga. Daktari alieleza kwamba unavuta mfupa uunge ukiwa umenyooka. Mimi niliamini kwa moyo wangu wote kwamba ule mchanga ni wa kunizuia nisitoroke kwenda kwa mama. Kila asubuhi Sista Adelina, nesi wa wodi yetu, alikisukuma kitanda changu kizima, mimi na mchanga wangu, hadi verandani nipate hewa. Wodi ya watoto na wodi ya wanaume zilitumia veranda moja. Hapo ndipo nilipomwona Mwalimu Sospeta.

Aliletwa na watu wengine waliopata ajali kwenye barabara kuu, ndani ya hifadhi. Dereva wao alimkwepa nyati, basi likalala ubavu. Wengine walishonwa wakaendelea na safari zao. Yeye alibaki, kwa sababu mkono wake wa kushoto ulikuwa umebanwa na chuma cha kiti. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, shati limefungwa vifungo mpaka juu hata kukiwa na joto. Mkono wa kushoto ulikuwa bonge la bandeji. Na chini ya kwapa la kulia, popote alipokwenda, kulikuwa na sanduku jeusi, refu, jembamba katikati, lenye vifungo vya shaba.

Sista Adelina alitaka kuliweka stoo. Alikataa. Akataka kuliweka chini ya kitanda. "Hapana, sista," alisema kwa upole, "huyu hatakiwi kupata unyevu. Huyu analala na mimi."

Huyu. Hakusema hili. Nilisikia vizuri kutoka kitandani kwangu, na masikio yangu yakasimama. Mvua ikianza alilifunika lile sanduku kwa shuka. Jua likizidi alilivuta kivulini. Mchana, wakati wa kupumzika, alilaza kiganja chake kizima juu ya kifuniko, vilevile kama mama alivyokuwa akilaza mkono juu ya Hamisi ili asishtuke usingizini. Nilipata jibu mwenyewe, na sikuona haja ya kumuuliza mtu: yule baba alikuwa na mtoto ndani ya sanduku. Mtoto mdogo, mgonjwa, aliyeokolewa kwenye basi.

Kilichoninyima raha ni kwamba hakuwa anamlisha.

Nilimtazama siku nyingi. Uji ulikuja, akanywa yeye. Wali ukaja, akala yeye, kwa mkono mmoja, polepole. Sanduku halikufunguliwa hata mara moja. Na yule mtoto hakulia. Jirani yetu kwenye wodi ya watoto alikuwepo mama wa Kimasai tuliyemwita Yeyo, na kichanga chake kilikuwa kinalia kuanzia chai mpaka chakula cha jioni. Kwa hiyo nilijua mtoto mgonjwa analia vipi. Asiyelia kabisa ana hali mbaya zaidi. Nilimweleza Bibi.

"Acha mambo ya watu," Bibi akasema. "Kila mtu na mzigo wake."

"Lakini Bibi, hali."

"Nani hali?"

Kesho yake asubuhi nilibakiza nusu ya uji wangu kikombeni. Bibi alipokwenda bombani kufua, Mwalimu alikuwa anapita na sanduku lake, nikamwita.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Mguu unasemaje?"

"Haujambo. Mtoto wako hajala."

Akasimama. "Mtoto gani?"

"Wa kwenye sanduku." Nikamnyooshea kikombe. "Umetiwa sukari. Hamisi wetu hajaanza uji, lakini huyo wako nadhani ni mkubwa kidogo."

Nilidhani angecheka, kama watu wazima wanavyocheka wakikusikia unasema jambo la maana. Hakucheka. Alinitazama, akatazama kikombe, akakaa kwenye ukingo wa veranda. Aliliweka sanduku mapajani. Alikaa vile mpaka Bibi akarudi na nguo zake zilizokamuliwa.

"Mama, shikamoo," alimwambia Bibi. "Mjukuu wako ameniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nimelikimbia tangu siku ya ajali. Sijalifungua hili sanduku. Basi lilibingirika, na lenyewe lilikuwa ndani. Naogopa kukuta pamevunjika."

Bibi alianika kanga yake kwanza. Bibi hakuwa mtu wa kuharakishwa. Kisha akasema, "Baba, ukikifunika kilichovunjika, kinaunga?"

Alinipa mimi nifungue vifungo, kwa kuwa yeye alikuwa na mkono mmoja. Vilifunguka kwa mlio mdogo wa kuruka. Ndani kulikuwa na kitambaa chekundu, laini, na harufu ile ikapanda, tamu na kali, ya donge la utomvu linalopakwa kwenye upindi, ule ufito unaosuguliwa kwenye nyuzi. Na juu ya kitambaa, badala ya mtoto, kulikuwa na kitu cha mbao rangi ya asali, chenye kiuno na shingo. Nilihuzunika kwa kitambo kidogo. Nilikuwa nimeshampa jina.

"Zeze la Kizungu," Bibi alisema, akichungulia.

"Fidla," Mwalimu akasema. Vidole vyake vya kulia vilikuwa vinapita juu ya ule ubao, pembeni, nyuma, shingoni, vikitafuta ufa. Uzi mmoja ulikuwa umekatika na kile kijiti kinachonyanyua nyuzi kilikuwa kimeanguka. Hapakuwa na zaidi ya hapo. "Nzima," alisema. "Mama, ni nzima." Na machozi yakamtoka mtu mzima yule, mchana, mbele ya bibi yangu, wala hakuyafuta.

Hapo ndipo tulipojua kazi yake. Alifundishwa na padri mmoja akiwa seminari, na tangu ujana wake alikuwa akipiga ule muziki wa kale wa Ulaya unaosomwa kwenye karatasi. Dar es Salaam alikuwa na wenzake waliopiga naye kwenye kumbi, na alikuwa na wanafunzi. Siku ya ajali alikuwa anakwenda Iringa kupiga peke yake mbele ya watu, jambo alilolitayarisha karibu mwaka mzima. Mkono wa kushoto, alitueleza, ndio unaotafuta sauti juu ya nyuzi. Wa kulia unavuta upindi tu. Kwa hiyo basi lilikuwa limechagua mkono.

Bandeji ilipotolewa, daktari alimwomba akunje vidole. Nilikuwa pale verandani, niliona. Kidole cha shahada kilikunjika. Cha kati kikakunjika. Cha pete na cha mwisho vilibaki vimenyooka kama vijiti. Daktari alivishika, akavikunja mwenyewe, akaviachia, vikarudi vilivyokuwa.

"Vitazoea?" Mwalimu aliuliza.

"Tumshukuru Mungu mkono upo," daktari akasema. Hata mimi nilielewa kwamba hilo halikuwa jibu la swali lile.

Siku kadhaa hatukumwona verandani. Kisha tukamsikia; alikuwa ametia uzi wa akiba uliokuwemo sandukuni na kukisimamisha tena kile kijiti. Alikuwa amejificha nyuma, kwenye kamba za kuanikia mashuka, na sauti iliyokuja kutoka huko ilikuwa ya mlango wa kabati lisilotiwa mafuta. Inapanda kidogo, inateleza, inakatika. Inaanza tena. Wagonjwa wa wodi ya wanaume walivumilia mwanzoni. Halafu mzee mmoja wa Chanzuru, aliyepasuliwa ngiri, akapaza sauti dirishani: "Mwalimu, tuhurumie! Tumekuja hapa kupona!" Wodi nzima ilicheka, na kutoka kwenye mashuka nilimsikia na Mwalimu anacheka, kwa mara ya kwanza.

Lakini hakuacha. Alikuja kitandani kwangu kunionyesha anachokitafuta. "Zamani nilikuwa na wafanyakazi wanne," alisema, akinyoosha vidole. "Wawili wamestaafu. Sasa hawa wawili lazima wakimbie kufanya kazi ya wanne, na wakati wanakimbia, upindi lazima uwasubiri." Nilimshikia karatasi zake zisipeperuke. Siku hadi siku mlango wa kabati ulianza kufanana na sauti ya mtu anayejaribu kukumbuka wimbo.

Wiki ya kuruhusiwa kwake, Sista Adelina alimwambia hawezi kuondoka bila kutulipa kwa kelele zile. Alisema kwa utani, ila Mwalimu alikubali kwa uzito. "Nitapiga kile nilichokuwa nakipeleka Iringa," alisema. "Nitapigia pale kwa Mwajuma, maana yeye ndiye asiyeweza kutembea kwenda ukumbini."

Ikawa alasiri, mvua imekatika, bati bado linadondosha. Wagonjwa wanaoweza kutembea walikuja na viti, wengine wakakaa sakafuni. Mzee wa ngiri alikuja amejishika ubavu. Yeyo alikuja na kichanga chake, shanga zake zikilia taratibu, akakaa karibu kabisa na kichwa changu. Wanawake wauguzaji walijifunika kanga kichwani kwa sababu ya baridi. Wote walikizunguka kitanda changu. Mwalimu alifunga kifungo cha juu cha shati, akapaka utomvu kwenye upindi, akaiweka fidla begani, akafumba macho.

Sikuwa nimewahi kusikia sauti kama ile, na mpaka leo nikijaribu kuieleza naona aibu. Ilianza chini sana, nikaisikia kwanza kwenye chuma cha kitanda, ikipanda mgongoni. Kisha ikainuka. Haikuwa na ngoma, haikuwa na maneno, lakini ilikuwa inasema, kama mtu anayezungumza chumba cha pili na unajua anakuzungumzia wewe. Kila vidole vile viwili vilipotakiwa kwenda mbali, upindi ulitulia, ukasubiri, na katika ule utulivu nilisikia matone ya bati na pumzi ya Mwalimu. Halafu sauti ikarudi mahali ambapo hukuitarajia. Nilimtazama Bibi. Alikuwa ameinama, pindo la kanga liko machoni. Bibi yangu ambaye katika mvua yote ile, wiki zote zile bila habari ya mwanawe, hakuwa ameonyesha hata kukunja uso, alikuwa analia bila sauti. Watu wengine wakainamisha vichwa. Sista Adelina alikuwa amekumbatia mikono yake, macho chini.

Ndipo likatoka getini yowe.

"Uwiii! Mwanangu! Mwanangu jamani!"

Sauti ya fidla ilikatika katikati. Wote waligeuka. Mama yangu alikuwa amesimama kwenye matope ya njia, kikapu kimeanguka, machungwa yanabingirika kila upande, mikono kichwani, Hamisi mgongoni ameanza kulia. Alikuwa amepanda gari la kwanza lililopita baada ya njia kutengenezwa. Na alipofika getini, alichokiona ni migongo ya watu wamekizunguka kitanda, wanawake wamejifunika kanga, nesi ameinama, na mama yake mzazi anafuta machozi. Angeelewa nini kingine?

Bibi aliinuka akajikwaa kwenye kiti. Aliyemfikia wa kwanza alikuwa Yeyo, aliyekimbia na kichanga chake kifuani, akamshika mama bega na kumtikisa. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na hicho kidogo alikitumia chote: "Mtoto mzima! Mama, mtoto mzima! Mzima!"

"Mama!" nikaita. "Mama, mimi huyu hapa!"

Sikumbuki alivyofika. Nakumbuka uzito wake juu yangu, harufu ya maziwa na moshi na vumbi la safari, matope ya miguu yake kwenye shuka jeupe la masista na hakuna aliyesema kitu. Alinipapasa uso, mabega, tumbo, mguu mzuri, mguu mbovu, kama Mwalimu alivyoipapasa fidla akitafuta ufa. Halafu akalaza kichwa kifuani kwangu akabaki hapo. Bibi alimfungua Hamisi mgongoni, akamtuliza.

Mwalimu alikuwa bado amesimama, upindi umening'inia. "Mama, samahani sana," alisema. "Ni mimi niliyewakusanya watu. Nilikuwa nampigia mwanao fidla."

Mama hakuinua kichwa. "Endelea, baba," akasema. "Endelea tu."

Akaanza upya, kutoka mwanzo. Na safari hii hapakuwa na mtu aliyeinama. Kichanga cha Yeyo, kilichoanza kulia kwa yowe la mama, kilinyamaza kikakodoa macho. Mzee wa ngiri alipiga kofi peke yake pale pasipotakiwa, akatazamwa, akaacha. Vidole viwili vilikimbia, upindi ukasubiri, na kila uliposubiri nilihisi kichwa cha mama kikipanda na kushuka juu ya kifua changu. Ilipoisha hatukujua la kufanya. Hospitalini watu hawapigi makofi. Bibi ndiye aliyesema, "Ahsante, baba. Umetufikisha."

Ningependa kusema kwamba siku ile nilisimama nikatembea. Sikusimama. Mchanga wangu ulibaki ukining'inia majuma mengine, na nilipokuja kusimama nilianguka mara nyingi, nikamkasirikia kila mtu. Mguu mmoja ulitoka mfupi kidogo. Anayenifahamu ananitambua kwa mbali kwa ninavyotembea. Mwalimu Sospeta hakurudi kwenye kumbi. Vidole vyake havikuzoea. Tulisikia baadaye kwamba amehamia Morogoro, anafundisha watoto, na kwamba anafundisha vizuri ila haruhusu mwanafunzi kuharakisha. Kichanga cha Yeyo kilipona, walituaga wakaondoka na shanga zao. Bibi ametangulia mbele ya haki.

Nikiwa mtu mzima nilikwenda Morogoro kwenye sherehe fulani, na vijana wanne wakapiga muziki wa aina ile wageni wakila. Katikati nikaitambua sauti ile ya verandani. Ndiyo ileile. Walipiga kwa vidole vyote, hawakukosea popote, walikuwa hodari. Nilikaa na sahani yangu nikihisi kuna kitu kimeibwa. Pale ambapo mimi nilijua pana kimya, wao walipita mbio. Ndipo nilipofahamu kwamba ule utulivu haukuwemo kwenye karatasi ya yule Mzungu wa kale aliyeutunga muziki. Ulikuwa wa Mwalimu peke yake, na ulichukua nafasi ya vidole vilivyostaafu.

Juzi mama alikuja kunitembelea. Tulikaa uani tunachambua mchicha, seremala anaranda kule ng'ambo, nikamuuliza kitu ambacho sijui kwa nini sikuwahi kumuuliza miaka yote.

"Mama, ile fidla ya Mikumi. Ile mara ya pili, ulipomwambia aendelee. Uliionaje?"

Alifikiri, jani mkononi. Mama yangu ni mkweli, hajui kumpendezesha mtu.

"Wala sikuisikia," akasema. "Nilikuwa nimekulalia kifuani. Nilikuwa nasikiliza unavyopumua."